Zoezi la Kusukuma Mawimbi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu wa huku kwetu Nambis, milimani, ulikuwa umefika mlangoni. Nilisimama uani nimefumba macho, muziki wa Kichina kwenye hedifoni, nikifanya mazoezi ya polepole ya kushusha sukari. Mke wangu alikuwa amerudi kwao, amechoka kunikataza soda, nami nilitaka arudi. Nikasukuma viganja mbele kama mtu anayesukuma mawimbi, nikajiona naelea juu ya mawingu. Nikarudia, nikitabasamu.

Nilipofumbua macho na kuvua hedifoni, mama mkwe alikuwa anamgeuza mke wangu getini.

"Hata salamu hana! Anatufukuza kwa mikono miwili, tena anacheka!"

"Shikamoo, mama!" nikapaza sauti.

"Marahaba," ilijibu sauti ndani ya ukungu. "Tumeshakuelewa."