Daftari la Fundi na Nukta Zake

Habari ya kifo cha fundi wetu wa kompyuta niliipata kwa simu, nikiwa dukani Ziwa la Ng'ombe nachagua vitunguu. Aliyenipigia ni bosi wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Changamwe, na hata salamu hakunipa vizuri. "Umesikia? Yule fundi wa Mtopanga ametutoka," akasema, na kabla sijavuta pumzi akaongeza, "Sasa sijui sisi tutafanyaje, ofisi nzima imelala tangu jana." Sisi! Mtu hajazikwa, naye anajililia mwenyewe. Nilikata simu, na vitunguu nikaviacha kwenye mizani.

Marehemu nilimjua miaka mingi, kwani hata kompyuta yangu ya mezani ni yeye aliyeiunganisha na mtandao. Wengine huiacha mashine ijitafutie nambari yenyewe. Yeye hapana. Kila kompyuta aliipa nambari yake kwa mkono, mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta tatu, kisha akaiandika daftarini na kwenye kipande cha plasta alichokibandika ubavuni mwa mashine. "Printa nayo ina nambari yake," aliniambia. "Ikibadilika ovyo mtaitafuta kutwa nzima. Na mashine mbili zikipewa nambari moja, zitasukumana mpaka mchoke. Njoo uone inavyowekwa, dakika tano tu." Nikamjibu, na wallahi naona haya kuliandika, "Wewe fanya tu, baba, hayo ni mambo ya mafundi." Akacheka, akaendelea peke yake.

Kule Changamwe mambo yalikuwa mabaya zaidi. Siku moja bosi alitarajia wageni, akaamuru plasta zote zibanduliwe, eti zinafanya ofisi ionekane kama zahanati. Nilikuwapo, nimefuata karatasi zangu. Fundi alimsihi, "Basi mtu mmoja hapa azinakili kwanza, nimwonyeshe na maana yake." Bosi akamjibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Za nini? Si wewe upo?" Si wewe upo! Maneno haya nimeyasikia katika ofisi zetu mpaka masikio yameota sugu. Siku hizi kutojua kumegeuka cheo. Mtu ana shahada ukutani na kiti kinachozunguka, lakini mwambie aandike nambari nne na nukta tatu, atakutazama kama umemwamuru apige deki. Na hana hata aibu, anajisifu, "Mimi na kompyuta, aa, mbalimbali!" Wanaomzunguka wanacheka, maana ni bosi.

Fundi alipougua, meza za ofisi ile zikahamishwa na mashine zikachanganywa. Akaletwa mtaalamu mpya, miwani ya jua kichwani, akasema hii ni kazi ya dakika mbili. Nambari akazibuni kichwani. Mashine mbili zikapata nambari moja, ikawa hii ikiingia kwenye mtandao, ile inatupwa nje. Printa haikuonekana tena mtandaoni. Mtaalamu akalaumu nyaya, akaenda zake, na malori yakabaki langoni bila karatasi huku madereva wakitukana waliomo na wasiokuwamo.

Siku ya pili ya matanga, mazishi yakingojewa, bosi akatokea Mtopanga. Mjane alikuwa amekaa mkekani, nami nipo kando yake. "Pole sana, mama," akasema, na pole hiyo haijapoa, "aa, kuna daftari fulani la kazi..." Mjane akamjibu, "Lipo, baba. Lakini halitoki humu ndani. Kaa uandike." Bosi akageuka huku na huku akitafuta wa kumtuma. Hakuna. Akasema hana kalamu, nikampa yangu, na sikuificha furaha yangu. Akaketi chini na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kunakili tarakimu mfululizo, zimebanana. Mjane akainama kidogo, akasema, "Nukta, baba. Bila nukta haiendi." Bosi akashangaa, "Wewe umejuaje?" Mama yule akapangusa macho kwa ncha ya leso.

"Nilimuuliza."

Nilikuwa namcheka bosi moyoni, kicheko kikanikauka. Nilikumbuka plasta iliyo kwenye mashine yangu nyumbani, ambayo wino wake umefutika na sijui hata inasema nini. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na yangu imo?" Akafunua kurasa polepole, akaipata. "Imo. Kaa nawe uandike." Nikakaa, bega kwa bega na yule niliyekuwa nikimdharau.

Siku ya mazishi bosi huyohuyo alisimama akahutubia, akasema marehemu ameondoka na ujuzi wake. Uongo mtupu. Marehemu alituomba dakika tano kila mmoja wetu, tukamnyima. Ni mtu mmoja tu aliyempa, na ndiye tuliyekwenda kumsumbua matangani atusomee nukta.