Lori Lililofika Mara Tisa

Hii kitu sijawahi kuisimulia nikiwa nimemwangalia mtu usoni, na hata sasa nikiandika nimeinamisha kichwa, kwa hivyo mkicheka chekeni polepole. Mimi ndiye yule Kiprono aliyewaita watu karibu mia tatu wakimbilie lori ambalo saa hiyo lilikuwa Kericho kwa gereji, limetolewa magurudumu. Na sikuwaita mara moja. Niliwaita mara tisa.

Kama unatoka pande zetu za Sosiot, unajua shida ya lori la majani chai. Unachuma tangu umande, unabeba gunia mgongoni mpaka kituo cha kupimia, halafu unakaa, kwa sababu lori linaweza kufika saa saba na linaweza kufika saa kumi na mbili. Majani yakikaa sana ndani ya gunia yanapata joto, yanageuka mekundu, na karani wa kiwanda akiyaona hivyo hayapimi. Ukija mapema yanaharibika, ukichelewa lori limeenda. Sasa mimi nilikuwa nimemaliza chuo, mambo ya kompyuta, niko tu nyumbani nakula ugali wa mama (mama hakusema kitu, lakini sufuria ilikuwa inasema), nikajua hapa ndipo nitaonyesha watu.

Lori la kiwanda lina tracker, kile kidude cha kuonyesha liko wapi, na wale watu wa tracker wana kitu kinaitwa webhook. Ni hivi: badala ya mimi kuwauliza kila dakika "limefika? limefika sasa?", ninawaachia anwani yangu, na lori likikaribia kituo chetu kompyuta yao inakuja yenyewe kupiga hodi kwa kompyuta yangu na kuleta habari. Yangu inajibu "nimepata", na inawatumia wakulima ujumbe kwa simu. Hiyo "nimepata" mwishike vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Mama ni katibu wa kamati ya kituo, na ndiye aliyenipeleka mbele ya mkutano. Watu walisikiliza vizuri, mpaka Mzee arap Koske, ambaye shamba lake liko mbali kuliko wote, ng'ambo ya mto, akasimama na fimbo yake akauliza, "Na hiyo simu ikidanganya?" Kabla sijafungua mdomo mama alikuwa amesimama. "Huyu nimemzaa mimi," akasema. "Akiwaambia lori limefika, jueni ni mimi nimewaambia." Basi watu wakaandikisha namba zao, kwa sababu yake, si kwa sababu yangu. Mama hajawahi kumdanganya mtu pale kituoni hata kwa uzito wa jani moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, niko kwa hoteli ya Mama Shiru pale sokoni (ni Mkikuyu aliyehamia huku kabla sijazaliwa, ana mandazi, ana stima ya uhakika, na ana vishamba viwili vya chai). Tulikuwa tumepanga kuanza wiki inayofuata. Nikataka tu kujaribu, maana wale wa tracker wana kitufe cha majaribio: unabonyeza, wanakupigia hodi ya uongo kana kwamba lori limefika. Nilijua kabisa natakiwa kwanza kutengeneza orodha ya majaribio yenye namba yangu peke yake. Ni kazi ya dakika tano, jamani. Dakika tano! Nikajiambia aah, si nilizima upande wa kutuma ujumbe? (Nilikuwa nimeuzima kweli. Halafu nikauwasha tena nikimringia dada yangu, nikasahau.) Nikabonyeza.

Simu ya Mama Shiru ikalia. Akasoma kwa sauti, "Lori limefika kituoni. Leta majani sasa." Akanipigia makofi. "Kiprono! Kitu yako inafanya!" Mimi andazi likanikwama kooni. Kabla sijalimeza simu ikalia tena. Maneno yale yale.

Kumbe mimi, fundi mkubwa, nilikuwa nimepanga kompyuta yangu imalize kwanza kuwatumia watu wote mia tatu, ndipo ijibu "nimepata". Wale wa tracker hawangoji hivyo. Wakipiga hodi na usiwajibu haraka, wanajua hujasikia, wanapiga tena. Na yangu, badala ya kukumbuka kwamba habari ni ile ile, ikaichukua kama lori jingine. Ya tatu ikaingia. Nikazima kila kitu. Kukawa kimya. Lakini ili niombe msamaha ilibidi niwashe tena, nikawasha, nikawaandikia wote, "Samahani, lori halijafika, haya ni majaribio," ikaenda, nikashusha pumzi. Kumbe wale hawakuwa wamechoka. Nilipozima walisema tu huyu hayuko, tutarudi. Wakarudi. Ya nne, ya tano, ya sita, baada ya samahani yangu, kana kwamba lori lilikuwa limefika sasa kwa ukweli. Kufuta anwani yangu kule kwao kungechukua sekunde chache, lakini hofu ikishakuingia kichwa kinakuwa uji. Nilikumbuka kuifuta baada ya hodi ya tisa.

"Ngai," Mama Shiru akasema, na hakuwa anapiga makofi tena. "Nenda kwa kituo, kijana. Nenda sasa."

Nilikuta barabara imejaa. Watu walikuwa wameacha mistari yao katikati, wengine bado wamefunga aproni za nailoni za kuchumia, magunia yameshindiliwa kwa haraka. Mzee arap Koske alikuwa amefika na punda amebeba magunia manne, yeye mwenyewe gumboti moja imejaa maji ya mto. "Ya kwanza nilisema ni uongo," akaniambia, bado anahema. "Ile samahani nikasema ni matapeli wanataka tuchelewe. Lakini mara tisa! Nikaita mpaka majirani." Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Alikuwa ananishukuru.

Nikampigia karani. Akaniambia lori liko gereji, litakuja jioni. Nikarudi mbele ya watu nikawaambia, na nikaona macho yote yakinihama, yakaenda kwa mama. Alikuwa amesimama kando ya magunia yake mawili, vidole bado vyeusi kwa utomvu. Akasema tu, "Tumwage majani tuyatandaze, yasichemke."

Kibanda chetu ni kidogo, kwa hivyo tukatandaza nje kwenye nyasi, na saa nane, kama kawaida ya Kericho, mvua ikaja. Tukayazoa yakiwa yamelowa, tukayarudisha kwa magunia. Nilikuwa nakimbia huku na huku nikishika gunia la huyu na la yule, na kila niliposhika, mwenyewe alilivuta pole pole akaniambia, "Wacha tu."

Lori lilifika saa kumi na moja. Karani akatumbukiza mkono kwa gunia la kwanza, akautoa haraka, kwa sababu mlikuwa na joto mle ndani. Majani yalikuwa mekundu. "Hii siwezi kupima," akasema. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema afadhali apime hata nusu, na hapo mama akapita mbele. Magunia yake alikuwa ameyaweka chini ya paa, hayakulowa, na karani alikuwa ameshayaangalia akatingisha kichwa kwamba yake yanapita. Mama akayainua, la kwanza, la pili, akayamwaga kwenye mtaro mbele ya kila mtu. "Mimi ndiye nilisema," akasema. Akakunja magunia, akaenda nyumbani kwa miguu, na mimi nikamfuata nyuma umbali wa mtu asiyejuana naye.

Nimerekebisha kila kitu. Sasa kompyuta yangu inajibu "nimepata" kwanza ndipo ifanye kazi, inakumbuka kila habari isiitume mara mbili, na orodha ya majaribio ina namba moja tu, yangu. Nimeapa sitabonyeza kitufe chochote cha majaribio kabla ya kuhesabu ni simu ngapi zitalia. Tangu tuanze tena, ujumbe haujawahi kudanganya.

Lakini kila ujumbe ukienda, watu wanampigia mama kwanza. "Katibu, ni kweli?" Naye anavaa gumboti, hata kama mvua inanyesha, anatembea mpaka barabarani, analiangalia lori kwa macho yake, ndipo anawaambia ndiyo. Juzi nilimwambia, mama, keti tu, siku hizi haikosei. Akaendelea kuvuta gumboti. "Najua," akasema. "Lakini wao waliniamini mimi."