Mboga ya Dodo na Macho ya Mama

Nikisikia harufu ya dodo ikikaangwa kwa kitunguu, humkumbuka Mama kabla ya kuikumbuka njaa. Dodo ni mchicha unaojiotea wenyewe, na wakati wa vita ndio uliotulisha nyumbani kwetu Walukuba, mjini Jinja. Bunduki ziliponyamaza, Mama aliung'oa wote nyuma ya nyumba. Alisema ameuchoka. Sukari ilikuwa imerudi madukani, na kila aliyekuja kumjulia hali Mama, aliyekuwa akiugua, alileta pakiti, kama ilivyo desturi yetu, ingawa ugonjwa wenyewe wa Mama ulikuwa wa sukari. Aliona aibu kuwakatalia. Alikoroga chai, akanywa nao.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alianza kuniomba nimtungie uzi kwenye sindano, kisha akazua mchezo: tukitembea, nimtajie kila ninachokiona. Baiskeli. Shimo. Mama Zaina anakuja, kavaa buibui. Niliufurahia mno mchezo ule, nikajiona bingwa.

Siku moja akaniambia tunakwenda Namatala, kule Mbale, kumwamkia mama mdogo. Kumbe alikuwa anakwenda kwa daktari wa macho, na hakutaka mtu ajue, hata Baba. Nani angempa kitambaa fundi asiyeona uzi?

Redio ilisema vita vimekwisha. Askari wa vizuizi vya barabarani nadhani hawakuwa na redio. Karibu na Mbale tuliteremshwa kwenye basi tuvuke kizuizi kwa miguu. Watoto wa wakati ule tulifundishwa jambo moja: mbele ya askari, mtoto hafungui kinywa, maana aliyesikika ndiye aliyepatwa na balaa. Mama alinikumbusha kwa kunibana kidole, nami nikanyamaza.

Askari aliinua mkono. Abiria wote wakasimama. Mama akaendelea kutembea, ananivuta.

"We mama! Simama!"

Akasimama, lakini uso akaugeuzia upande usio na mtu. Nilisikia bunduki ikikokiwa.

"Mimi nainua mkono, wewe nakuja tu. We naona mkono yangu ama hapana?"

Nyuma yetu alikuwapo jirani wa Walukuba, ambaye angesikia kila neno; Mama alikuwa amemtambua kwa sauti tangu ndani ya basi.

"Hapana, afande," akasema. "Mimi sioni. Sukari naharibu macho yangu. Nakwenda kwa daktari."

Askari akashusha bunduki, akanigeukia. "Basi we mtoto, ongea. Ambia mama yako njia iko wapi."

Nikaongea huku nalia: jiwe, Mama. Pipa. Sasa pita kulia.

Daktari alisema mishipa midogo nyuma ya jicho imeharibika, na kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kingelindwa kwa dawa, kwa kuacha chai ile, na kwa kula mboga za kijani, ambazo zina virutubisho vya kusaidia mishipa isichakae upesi.

"Kama dodo?" Mama akauliza, akacheka bila furaha. Tuliporudi alipanda mbegu za dodo palepale alipokuwa ameung'oa mchicha ule. Kanzu zilimshinda, lakini mashuka alishona miaka mingi.

Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipokielewa kile kidole kilichobanwa. Pale kizuizini Mama alijua fika kwamba akinifunga mdomo, anajifunga macho yeye mwenyewe mbele ya bunduki. Akanifunga mdomo hata hivyo, ili askari asiisikie sauti yangu.