Shangazi Alipozuia Barua

Msikilizaji, kaa vizuri nikueleze taratibu, maana huenda ulizaliwa wakati intaneti imeshaingia mfukoni. Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Mwanza, tuliifuata dukani. Biashara huria ilikuwa imeleta maduka ya kila namna, na mojawapo lilikuwa na kompyuta chache kuukuu zilizounganishwa na waya wa simu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Utafiti wangu ulihusu watu wanaoishi pamoja kwa kuandikiana tu, bila kuonana.

Kundi nililolichunguza lilikuwa la watu wa kanda ya ziwa waliotawanyika duniani. Unaandika barua pepe moja, unaituma kwenye anwani ya kundi, nayo inamfikia kila mwanakundi. Ila kwanza inapita kwa msimamizi, muuguzi wa kutoka Kagera aliyefanya kazi Ulaya. Akiiruhusu, inakwenda, akiizuia, inabaki kwake. Wote tulimwita Shangazi.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa salamu. Mdogo hakusema shida yake kabla ya "Shikamooni wakubwa," na wakubwa waliitikia mmoja mmoja, kila mmoja kwa barua yake. Mwenye duka alichungulia begani kwangu akacheka.

"Mwanafunzi, yaani hawa wanalipia dakika ili waandike marahaba? Basi ni wa kwetu kabisa hao!"

Kundini alikuwamo kijana wa Nansio, kule kisiwani, aliyekuwa akisomea uhandisi huko huko Ulaya, mji tofauti na wa Shangazi. Mama yake aliugua, akavushwa kwa meli kuletwa hospitali Mwanza. Kijana akauliza kama kuna mwanakundi aliye karibu. Nilikuwapo mimi tu. Nilimwuliza mwalimu wangu kama mtafiti anaruhusiwa kuingilia mambo ya watu anaowachunguza.

"Nenda ukamwone mgonjwa," alinijibu. "Halafu kwenye utafiti wako andika wazi kwamba ulikwenda."

Basi kila alasiri nilipita wodini kabla ya kwenda dukani. Pale nilimkuta mjomba wa kijana, mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya samaki Nyakato, akimuuguza dada yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie leo mama yake amekunywa uji. Na mwambie uji wenyewe nimeupika mimi, acheke kidogo."

Niliandika hivyo hivyo, na kijana akajibu kwamba kama mama ameumaliza uji wa mjomba, basi kweli anapona.

Siku moja nilikuta kitanda kimetanduliwa. Mjomba alikuwa ameketi barazani, kofia mapajani. Nilikaa kando yake. Akasema, "Dada ametutoka." Kisha akaongeza, "Mtoto mwandikie kwamba mama amezidiwa, aje."

Unajua tunavyofanya. Habari ya kifo hatumtupii mtu aliye mbali. Tunasema mgonjwa amezidiwa. Anakuja, na akishafika kwa watu wake ndipo wakubwa wanamweleza. Lakini nilimfafanulia mjomba kwamba kundini wakubwa wakisoma neno hilo wataelewa papo hapo, na pole zitaanza kumiminika. Kijana angezisoma kabla hajashikwa mkono na mtu yeyote.

"Kwani huko hakai na mtu?"

"Anakaa chumba chake peke yake, mjomba."

"Hata jirani?"

"Majirani hawamjui."

Aliikunjakunja ile kofia. "Basi isimkute peke yake. Mengine utajua wewe na hiyo mashine yako."

Nilimwandikia Shangazi pekee. Laini ilikatika, na mwenye duka, safari hii bila mzaha, akapiga tena na tena mpaka ikashika. Jibu lilikuja kabla sijaondoka: "Kuna mmoja amepigiwa simu na ndugu zake wa Nansio, ameshaleta pole. Nimeizuia. Nazuia zote. Napanda treni sasa hivi. Usimjibu mtoto mpaka nifike."

Nilipotaka kufunga, ikaingia barua ya kijana, kwangu moja kwa moja. "Ndugu yangu, mbona leo kundi kimya? Mama amekula?"

Niliisoma, nikaondoa mikono mezani. Sijawahi kuona swali jepesi likiwa zito kiasi kile.

Kesho yake Shangazi aliandika. Alimkuta akipika wali. Alikula naye kwanza, akaosha vyombo, kisha akamweleza. Kijana alilia kichwa kikiwa mapajani pake. Asingewahi mazishi, kwa hiyo Shangazi alikuwa ameomba likizo, na angekaa naye mpaka mama azikwe Nansio. "Sasa nafungua," alimalizia.

Pole zikaja. Nyingi hazikuwa na maelezo, zilikuwa na neno moja tu: "Nipo." Kwetu mtu akifika msibani akaketi mkekani bila kusema, amefika. Nilizihesabu hivyo, kama watu waliofika, kwenye utafiti wangu.

Nawe ukipata habari ya msiba, usianze kuituma kwenye kundi. Mtafute kwanza mtu aliye karibu na mfiwa, umwombe aende akakae naye. Akikuambia amefika, ndipo uandike.