Soseji ya Padre Haitobolewi

Sasa nacheka mwenyewe, lakini kwa miezi mingi nilikuwa nikienda kazini kwa njia ya nyuma, kwa sababu wanawake wa kisimani wakiniona tu walikuwa wanajimwagia maji kichwani na kuita, "Maziwa! Maziwa!", na mimi, kijana niliyekaa miaka miwili katika chuo kikuu kule Ujerumani nikiwafundisha wenyewe Kiswahili na kusikiliza maprofesa wao wakibishana, nilikuwa natimua mbio.

Wakati huo reli ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi, mimi ni karani mkalimani wa stesheni, na nilitaka kumwoa Anna. Mama yake alikuwa amesema hatoi neno lake mpaka Padre akubali kutufungisha ndoa, na Padre (Mfaransa mzee, mtu wa milimani, aliyeota katikati ya Wajerumani kama kunde ndani ya shamba la uwele) hakutaka kukubali, maana kwenye mafundisho nilimuuliza "kwa nini" mpaka akafunga kitabu.

"Mtu wa kuhoji kila kitu," alisema, "siku ya kiapo ataniuliza kiapo ni nini."

Nikamwambia hilo nalo ni swali zuri. Hapo nikazidi kuharibu.

Wiki mbili baadaye akaniita, akanipa kifurushi kilichotoka kwao kwa meli na treni. Ndani mlikuwa na soseji moja, nene kama mkono wangu, nyama ya nguruwe iliyojazwa katika utumbo na kutundikwa moshini mpaka ikawa na rangi ya shaba, ncha yake imefungwa kwa kijiti.

"Mama yangu ndiye aliyeitengeneza," akasema. "Jumapili mchana nakuja kula kwenu. Itie katika maji baridi, moto mdogo, na usiitoboe. Ukiweza kutii maneno hayo bila kuuliza, nitatangaza ndoa yenu."

"Kwa ni..."

"Umeona?"

Jumapili nikamfukuza mama jikoni (mwanamume kupika peke yake kwetu ni kioja, majirani walishaanza kupita pasipo na safari) nikaanza vizuri kabisa, maji baridi, moto mdogo, soseji imelala kama mgonjwa. Kisha ikaanza kuvimba. Hapo ndipo elimu iliponipanda kichwani, nikajiambia hata kichwa cha treni kina tundu la kutolea mvuke, na fundi wa stesheni ananieleza kila siku kwamba tundu hilo likiziba chuma kitapasuka, sasa utumbo ni nini mbele ya chuma, na Padre ni mchungaji wa roho, si fundi wa mvuke! Nikachomoa mwiba wa mgunga kwenye ua, nikaongeza kuni mbili kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda, nikaiinua soseji kwa mwiko, nikatoboa.

Mafuta yaliruka kama mkojo wa ndama. Yakaangukia motoni, moto ukapanda, moshi ukajaa, na tembe letu mnalijua, paa la udongo, dirisha hakuna. Nikavua shati nipigie moto, shati likashika moto, nikakimbilia mlangoni na soseji yangu juu ya mwiko, na kwa kuwa mlango wa tembe ni mfupi, ilibidi nitoke nimeinama, kichwa mbele. Kichwa kikagonga kibuyu.

Kibuyu kilikuwa cha maziwa ya mgando, na aliyekibeba ni mama yake Anna, amekuja kumsaidia mama yangu kumpokea Padre. Kwetu mtu na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani, na wakikutana njiani mmoja huingia porini. (Nilikuwa nimehoji hilo pia, tena mara nyingi.) Nikainuka mbele yake kifua wazi, maziwa yananitiririka puani, soseji imesimama kwenye mwiko kama bendera ya Wajerumani pale bomani, nikamtazama machoni kabisa, nikasema, "Shikamoo."

Alipiga yowe, akavuta kaniki yake akajifunika uso, akageukia ua. Watu waliokuwa wanatoka kanisani wakajaa pale. Jirani yetu Juma, mfanyabiashara wa Kondoa, akaita kutoka kwake, "Karani! Chuoni walikufundisha kuoga maziwa?"

"Juma, njoo unisaidie!"

"Nguruwe huyo? Nitakusaidia kwa dua, tena nikiwa huku huku."

Mama yangu alikuwa ameingia ndani kuuzima moto kwa mchanga. Akatoka mweusi tii, chungu cha soseji mkononi, nikajua sasa nitalaaniwa. Akamtazama yule aliyejifunika, akapiga kigelegele.

"Jamani, mmeona? Nani hujifunikia asiye mkwe wake? Amejifunika! Amemkubali!"

Kisha sauti ikatoka ndani ya kaniki.

"Wewe chungu, nazungumza na wewe tu. Mwambie mpishi wako airudishe hiyo nyama. Mafuta mengine yamo majini, hayajapanda treni. Atie kunde, moto mdogo. Na avae shati."

"Chungu," nikasema, "mwambie mama shati limeungua."

"Basi avae gunia."

Padre akanikuta ndani ya gunia. Akala kunde sahani ya kwanza, akaongezewa, halafu akaikata soseji, akaona tundu.

"Umetoboa."

Anna, nyuma ya mama yangu, alikuwa anatafuna pindo la nguo.

"Nimetoboa, Baba. Nimeshindwa kutii. Lakini kwa nini haitobolewi?"

"Mama yangu alisema."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na mama yake."

"Basi hapa ni mimi peke yangu ninayejua. Haitobolewi kwa sababu mafuta hutoka, nyama hukauka, na nyumba huungua. Niapishe leo hii, Baba. Wewe unasadiki kwa kuambiwa, mimi ni shahidi."

Padre alilitazama gunia, akaitazama sahani yake iliyokwisha, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kabla hajamaliza, sauti ya uani ikasema:

"Wewe chungu, mwambie Padre amekula sahani mbili, na mimi nimejifunika mbele ya watu wote hawa. Sikujifunika bure."

Padre akajifuta machozi, akakiinamia chungu kwa heshima zote.

"Chungu, mwambie mama, Jumapili ijayo natangaza."

Tangu hapo sijatoboa soseji na sitatoboa, na nikitoka katika tembe napiga hodi kutokea ndani. Kuuliza sijaacha. Ila nangoja kwanza chungu kiepuliwe.