Mwaka wa Tatu wa Ryakunin

Mwaka ule mpunga ulipooza shambani, Magoshiro alijiweka rehani kwa msimamizi wetu, Norikage, ili mke wake Torame na kaka za Torame wapate shayiri ya kula. Hati ilisema ataponda maganda ya mforsadi kwenye kibanda cha kutengenezea karatasi mpaka mwezi wa nane, mwaka wa tatu wa Ryakunin. Kwetu miaka huhesabiwa kwa jina la enzi linalotangazwa mji mkuu, na enzi hiyo ndiyo kwanza ilikuwa imetangazwa, jina bado la moto, karani akaliandika kwa mbwembwe zote.

Kazi tulifanya pamoja, yeye anaponda, mimi nachota rojo. Kila asubuhi ananiuliza, "We, imebaki miezi mingapi?" Kaka za Torame walikuwa wamesema watamvumilia mpaka mwaka huohuo wa tatu. Asiporudi, dada yao anaolewa na muuza chumvi.

Haikupita miezi mitatu, mjumbe huyo kutoka mji mkuu. Ryakunin ina mkosi, imefutwa, sasa hesabuni En'o mwaka wa kwanza.

"Hee, kumbe hata jina linakufa likinyonya!" Magoshiro akasema.

Mwaka uliofuata En'o nayo ikafutwa, ikaja Ninji. Tukacheka tena, wajinga sisi.

Mwezi wa nane wa mwaka huo ulipofika alioga, akafunga viatu vyake vya nyasi, akaenda kwa Norikage. Nilimbebea furushi.

"Nimekuja kuaga, bwana mkubwa. Muda wangu umeisha."

Norikage akakunjua hati. "Hapa pameandikwa mwaka wa tatu wa Ryakunin. Huu ni mwaka gani?"

"Wa kwanza wa Ninji. Lakini ukihesabu tangu siku ya hati, huu ni wa tatu, bwana mkubwa..."

"Nani kakwambia uhesabu? Mwaka wa tatu wa Ryakunin umefika, haujafika?"

"Haujafika."

"Basi ukifika njoo uage. Na mochi, kitumbua cha mchele cha kula njiani, nitakupa."

Walinzi wakaangua kicheko. Magoshiro akarudi kibandani, akavua viatu, akashika nyundo.

"Kaka, tutoroke," nikamwambia.

"Wakinikosa mimi wanamchukua Torame. Shayiri si aliila yeye?"

Siku ya kumi Torame akaja uani. "Shemeji, niitie mume wangu."

Magoshiro alikuja kichwa chini. "Umekuja kuniaga?"

"Nikuage niende wapi? Kaka zangu wameniambia mwaka wa tatu ndio huu, nijiandae kwa muuza chumvi. Maneno ya msimamizi wako yameshafika mpaka kisimani kwetu, basi nikawauliza, mwaka wa tatu wa nini? Wa Ryakunin. Umefika? Haujafika! Nikawaambia ukifika, waje wanichukue."

Magoshiro alicheka mpaka akaegemeza paji la uso kwenye ua. Halafu akainua uso.

"Sasa mpaka lini, Torame?"

"Mpaka ufike."

Kibao cha kuitia watu kazini kikagongwa. Torame akashika njia, sisi tukarudi kibandani.

Enzi nyingine zimeshapita. Siku hizi haniulizi tena imebaki miezi mingapi. Anauliza tu kama mwezi wa nane umekaribia, maana ndio Torame anakuja uani.