Nilitundika picha za majirani sebuleni kwetu Likasi, mwishowe wakaja kudai nyuso zao

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Juzi kuna mtu aliuliza kama bado kuna maana ya ku-print picha za simu zama hizi. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi wangu. Sitaongeza chumvi popote. Ilivyotokea ndivyo nitakavyoandika.

Niko Likasi, Kongo, upande wa Katanga. Kiswahili chetu kinawachekesha sana watu wa Dar na Mombasa, najua, kwa hiyo najitahidi kuandika cha shule. Ila watu wakizungumza humu ndani nitawaacha wazungumze walivyozungumza.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Naishi Shituru, kwenye zile nyumba za zamani za kampuni, na mama yangu na mdogo wangu Dieudonné. Kila mtu anamwita Dido. Sijaoa, msianze.

Hii tabia ya picha ilinianza baba alipofariki.

Tulitafuta picha ya kuweka matangani, tukakosa. Ikapatikana moja tu, ile ya kadi ya mpiga kura. Tukaikuza. Mkuu, ukikuza picha ya kadi unapata ukungu wenye mashavu. Watu wakaja kumlilia baba wakiangalia ukungu. Mama aliigeuza ile picha uso chini, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Nikasema kwetu hii haitatokea tena.

Simu yangu ilikuwa Android ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni. Nilijifunza mwenyewe kwa kukosea. Futa lenzi kila mara, maana mfukoni mwa fundi hamkosekani vumbi. Fleshi izime. Usi-zoom, sogea kwa miguu yako. Mtu akae mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, asubuhi, mwanga umpige upande mmoja. Na usimwambie acheke. Mwache aongee. Atacheka mwenyewe, au hatacheka, na hapo ndipo utapata sura yake.

Ku-print nilikuwa naenda labo ya picha, mjini kati. Jamaa wa pale ndiye aliyenionya nisilete picha zilizopita WhatsApp, kwamba zinabanwa na zikikuzwa zinakuwa kama zimelowa. Nilete faili lenyewe kwenye memory card. Nilichukua karatasi isiyong'aa, kwa sababu sebule yetu ina dirisha kubwa, na ile inayong'aa unajiona wewe badala ya picha.

Fremu nilichomelea mwenyewe kwa vyuma vyembamba vinavyobaki kazini. Nilizitundika ukuta usiopigwa na jua, na nyuma ya kila fremu nikagandisha vizibo vya chupa, ili wakati wa mvua unyevu wa ukuta usiguse karatasi.

Nilianza na mama. Kisha Dido. Jirani mmoja akaona, akataka na yeye. Kisha mwingine. Ukuta ukajaa.

Jumapili baada ya misa watu walikuwa wanapita kujitazama tu. Mzee Kasongo, mstaafu wa reli, nilimpiga picha akiwa na kofia yake ya kazi, na kila alipopita alijisalimia. Mama Furaha, jirani yetu muuza unga, alikuwa anasimama mbele ya picha ya mwanae Patou na kumgombeza kwamba amekonda.

Patou na Dido walikuwa kama mapacha. Walisoma pamoja, wakakosa kazi pamoja, wakaenda kuchimba madini pamoja upande wa Kakanda. Creuseurs, ndivyo tunavyowaita hapa. Kamba, taa ya kichwani, unashuka.

Sasa mvua za mwaka ule zikaja.

Shimo liliporomoka. Dido alikuwa karibu na mdomo wa shimo, udongo ukamshika kuanzia kiunoni, wenzake wakamvuta. Mguu ulivunjika vibaya, mpaka leo anatembelea fimbo. Patou alikuwa chini yake. Walimtoa kesho yake.

Nilishusha picha yake ukutani nikaipeleka kwa Mama Furaha mwenyewe. Shati jeupe, anatazama moja kwa moja kama umemuuliza swali gumu. Iliwekwa juu ya meza, maua ya karatasi pembeni. Mama yule alinishika mikono yote miwili.

"Aksanti, papa. Umenirudishia mutoto."

Baada ya matanga alinirudishia. Alisema hawezi kulala nayo nyumba moja. "Ikae kwako. Nitakuya kumuona."

Na kweli alikuja, karibu kila siku. Alikuwa anakaa mbele yake kimya, mama anamletea chai, anakunywa, anaondoka.

Haukupita muda mrefu Mzee Kasongo naye akafariki. Sukari, wakuu. Alikuwa anaumwa miaka. Lakini alikuwa ukutani kwangu.

Maneno yakaanza. Kwanza sokoni, kisha kwenye chumba cha maombi kilichopo mtaa wetu. Mchungaji wa pale hakunitaja jina. Alihubiri tu kuhusu nyumba inayotega vivuli vya watu, na kwamba kivuli kikishatundikwa, mwenyewe hakai. Mama Furaha alikuwa anasali pale.

Hata sasa simlaumu mtu aliyeamini. Ukipoteza mwanao kwa udongo, huna wa kumshitaki. Udongo hauitwi mahakamani. Mimi nilikuwa na jina na mlango.

Wa kwanza kuniomba alikuwa ndugu yangu mwenyewe. Dido alikuwa bado kitandani, mguu umefungwa.

"Yaya, unitoshe ku ile mur."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Alitaka nimtoe ukutani. Nikamuuliza, na yeye anaamini?

"Siamini. Lakini unitoshe."

Nikamshusha. Nikaweka fremu chini ya kitanda changu. Niliumia kuliko nilivyotegemea.

Jumamosi iliyofuata walikuja. Asubuhi, si kwa kujificha. Mtaa karibu mzima, na mchungaji katikati. Mbele kabisa Mama Furaha, na kitambaa chake cheusi cha msiba kichwani.

"Shiye hatuko na mubaya na weye, papa," akasema. "Tunataka tu sura zetu."

Nikamwambia, "Mama Furaha, ni weye ulisema ikae huku."

"Nilisema. Sasa nasema ingine."

Nyuma yake niliona vijana wameshika mawe. Hawakuyainua, waliyashika tu. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake sebuleni, Dido hawezi kukimbia. Nikamtazama mama.

"Ubape," akasema. "Sura ni yabo."

Nikawapa. Kila mmoja aliingia, akachukua yake, akatoka bila kunitazama. Mjane wa Mzee Kasongo alikuja kuchukua ya mumewe, akaniomba msamaha kwa sauti ndogo, akachukua.

Nikadhani yameisha. Mchungaji akasema na za kwenye simu nizifute.

Kwa hiyo nilikaa pale mlangoni kwangu, mtu mzima, nika-delete picha moja moja huku jamaa mmoja ameinama begani kwangu anahakikisha. Akanielekeza mpaka kwenye kile kikapu cha takataka cha gallery. Nacho nikakimwaga. Kuna watakaoniita mwoga humu. Semeni tu. Mimi nilikuwa nayaona yale mawe.

Zile za ukutani walizichomea barabarani. Karatasi ya picha haiwaki haraka, inajikunja kwanza, rangi zinakuwa za kijani, ndipo inashika. Mama Furaha alimweka Patou motoni kwa mkono wake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, ndani, mama akijifanya hanioni.

Baada ya hapo nilisalimiwa kama kawaida, ila hakuna aliyeingia kwetu. Mchungaji alihama baadaye, sijui alikokwenda. Mtaa ukatulia. Ukutani yakabaki matundu ya misumari.

Kiangazi kilipofika, vumbi limeanza, Mama Furaha akapiga hodi.

Alikuwa amekonda. Aliingia, akasimama pale pale alipokuwa anasimama zamani, mbele ya ukuta mtupu. Mama akaenda kuweka chai.

"Papa, kwa simu yako hakubakia hata moja?"

Nikamwambia hapana, mama. Walisimamia mpaka mwisho.

"Sura yake inanipotea," akasema. "Nafunga macho, naona paka shati, shati tu. Shati naona muzuri. Juu ya shati hakuna kintu."

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa na maneno ya miezi mingi. Nikayaacha.

Nikaanza kutafuta. Labo walisema mashine yao inafutwa kila mara, hawatunzi za wateja. Simu ya Patou ilibaki shimoni. Profile yake ya WhatsApp ilikuwa picha ya gari. Kadi yake ya mpiga kura mama yake alimzika nayo mfukoni. Niliwauliza wachimbaji wenzake, mmoja alikuwa na video, giza tupu, sauti za watu wanacheka, huwezi kujua yupi ni yupi.

Kisha nikakumbuka kuna memory card ya zamani niliyoacha kutumia baada ya kuharibika. Ilikuwa kwenye kopo la misumari. Nikaipeleka kwa fundi wa simu karibu na soko, akaiingiza kwenye kompyuta, akaweka programu ya kufufua mafaili. Tukasubiri. Nyingi zilirudi kijivu kitupu.

Moja ikarudi nusu.

Ilikuwa Dido mlangoni kwetu, anacheka mpaka macho yamefumba. Upande wa kushoto ni mzima kabisa. Upande wa kulia, alipokuwa amesimama Patou, ni mistari ya kijivu toka juu mpaka chini. Kilichookoka cha Patou ni mkono. Umeshika bega la Dido.

Sikujua nifanye nini nayo. Nilimwonyesha Dido kwanza, maana uso ni wake na alishaniomba nimtoe.

"U-imprimer," akasema. "Nitamupelekea miye."

Mjue kwamba toka ajali, Dido alikuwa hajakanyaga kwa Mama Furaha. Nyumba zinagusana ukuta, na hajakanyaga. Hakwenda hata matangani, tukasema ni mguu.

Niliprint ndogo, kwa sababu faili lenyewe halikuwa na nguvu ya kukuzwa. Ile mistari sikuikata. Tukaenda mchana, yeye na fimbo yake, mimi nyuma na nyundo.

Mama Furaha aliishika picha akaitafuta. Aliona uso wa Dido, akainua macho.

"Patou iko wapi?"

Dido akaweka kidole juu ya ule mkono.

Akaisogeza karibu na macho. Kisha akasema, polepole, "Hii kidole mulango ilimubana wakati alikuwa mudogo. Lukasa yake haikuota tena muzuri. Ni yake. Ni mutoto yangu." Lukasa kwetu ni kucha, wakuu, na kweli kwenye picha kucha ya kidole kimoja ilikuwa imepinda. Mimi niliyeipiga sikuwahi kuiona.

Hapo ndipo Dido alipozungumza. Hakuna aliyemuuliza.

"Mama, ile siku kamba ilikuwa moja. Alisema, panda kwanza weye. Nilipanda."

Kumbe hicho ndicho alichokuwa amelala nacho muda wote ule. Hata mimi hakuwahi kuniambia.

Mama Furaha alimtazama. Nilidhani atatufukuza. Akavuta kiti kwa mguu.

"Kaa," akamwambia. "Uniambie yote. Alikula nini ile asubui?"

Dido akakaa, akaanza kumwambia. Mimi nikatafuta ukuta usiopigwa na jua, nikapiga msumari.

Nilichojifunza? Usiweke picha ya mtu sehemu moja. Simu, kadi, kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na karatasi. Muulize mtu kabla hujamtundika, na akitaka kushuka mshushe, ila faili lake lifiche mahali ambapo hata wewe ukishikiwa jiwe hutaweza kulifikia. Hili la mwisho nimelijua kwa kuchelewa.

Dido anaenda kule mara nyingi siku hizi. Simuulizi wanaongea nini.

Kama na kwenu watu waliwahi kuogopa picha namna hii, niambieni mlifanyaje. Na wataalamu wa kufufua mafaili, kama kuna njia ya kuirudisha ile nusu nyingine, nipo hapa. Kadi bado ninayo.